Naomba ushauri: mshauri nasaha mpya asiyevumilia kimya

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mshauri nasaha, na sasa nimepewa kusimamia washauri wapya kituoni kwetu. Mmoja ana moyo wa kazi kwelikweli, ila kimya kinamshinda. Mteja akiinamisha kichwa kidogo tu, keshadakia: "Mama, hapo wewe kaa na mumeo mzungumze." Mteja anaitikia "sawa dada", anaaga, harudi tena.

Tumefanya maigizo, mimi nikiwa mteja. Hapo anasikiliza vizuri mno. Nimempitisha pia kwenye zile nguzo za ushauri nasaha za mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers za mwaka 1957: kuwa mkweli kwa mteja, kumkubali bila masharti, kumwelewa kwa jicho lake. Anazitaja zote bila kukosea. Nikikaa naye chumbani akiwa na mteja, anakakamaa, na wateja wengi hawataki kurekodiwa (siwalaumu, mji wenyewe huu maneno hayalali).

Naomba kuuliza: mnamzoezaje mshauri mpya kuvumilia kimya, hasa kwa mteja aliyekuja akitarajia kuambiwa la kufanya? Na bila kurekodi wala kukaa chumbani, mnaijuaje kazi yake ilivyo, mbali na anavyoisimulia mwenyewe?