Mjadala: Mhandisi ahitimu bila kufungua mota?

Mhandisi kijana, mtaa wa Katuba, Lubumbashi: Hodi wakubwa kwa wadogo. Nasema miradi ya mikono ianze mwaka wa kwanza, tena ibebe nusu ya alama. Si ndoto: Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kinafundisha kwa miradi ya vikundi tangu 1974. Mimi nilimaliza miaka mitano ya elektromekaniki nikiijua mota ya fezi tatu ubaoni tu. Siku ya kwanza ya staji, yaani mafunzo kazini, nikakabidhiwa mota ya pampu, kibao kinasema 220/380 V. Laini ya pale 380. Koili za mota, zile nyaya zilizozungushwa ndani, huungwa kwa njia mbili: delta au nyota. Nikaiunga delta badala ya nyota. Haikuchukua muda: harufu ya vanishi, kisha moshi. Na hesabu za nyota na delta nilipata 17 kwa 20!

Mwalimu msaidizi: Pole sana mdogo wangu. Ila darasa langu lina watu zaidi ya mia, mota moja, nayo husubiri umeme urudi. Kikundi cha wanane, wawili watafanya kazi, sita wataandika majina yao kwenye jalada. Na vifaa? Mwenye baba mgodini Kolwezi ataleta roboti, mtoto wa muuza makaa ataleta katoni.

Fundi wa bobinaji (kusuka upya koili za mota), mtaa wa Kamalondo: Mwalimu, vifaa viko. Nyuma ya karakana yangu kuna mota zilizoungua, wenyewe walizitelekeza waliposikia bei ya waya. Nileteeni watoto wannewanne. Wakate koili ya zamani, wahesabu mizunguko, wapime unene wa waya, waandike. Ukidanganya hesabu, mota itakuumbua. Lakini nami nikiri: miaka mingi nilijua mota ya kibao kile ukiiunga delta kwenye 380 inakufa, sababu siijui. Mwanafunzi wa staji ndiye aliyenichorea kwenye kipande cha katoni: kila koili ilitengenezwa ipokee 220, wewe unaitwika 380. Yule alisoma, bwana, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto.

Mwalimu msaidizi: Sasa alama atatoa nani, Papa fundi, wewe ama mimi?

Fundi wa bobinaji: Tutaiwasha sote tukiwa tumesimama pale. Ikizunguka, wewe umuulize kwa nini inazunguka. Ila waya mpya sina wa bure, hilo mkalizungumze na wakubwa wenu wa chuo.