Wakutubi wa Lubumbashi, nani aliwaambia dini ya bankambo, mababu zetu, ni uchawi?

Leo sinyamazi. Ingieni maktaba yoyote ya hapa mjini inayopanga vitabu kwa Dewey, ule mpango wa kukipa kila kitabu namba ya mada yake, mfike rafu za 200, ndizo za dini. Kuanzia 220 mpaka 289 mnatembea ndani ya Ukristo mtupu. Biblia peke yake imepewa 220 hadi 229, halafu teolojia, ibada, kanisa, historia, madhehebu. Dini nyingine zote za dunia zinabanana kwenye 290: Uislamu wote 297, Wabuda na Wahindu wanagawana 294, na sisi Waafrika weusi tuko 299.6, ukivuka kidogo umeshaingia 300.

Melvil Dewey alitoa mpango wake Marekani mwaka 1876, kwa hiyo sitapoteza muda kumgombeza marehemu. Waliomrithi wamejaribu kurekebisha: toleo la 1996 liliutoa Ukristo kwa jumla kwenye 200 na kuupeleka 230, la 2003 likazifanya 201 hadi 209 kuwa za dini zote. Kinachonichoma ni upendeleo tunaouongeza wenyewe.

Chukua kitabu kinachoeleza bilumbu wa Baluba wanavyopiga ramli kwa mboko, kile kibuyu chenye vitu vidogo ndani ambavyo hutikiswa kisha kusomwa vilivyokaa. Mkutubi anaona neno ramli, anabandika 133.3. Hiyo ni rafu ya mambo ya mizungu, wala haimo kabisa ndani ya dini! Isaya naye akitabiri anakaa 224.1, kwa heshima zote. Padre akifukuza pepo ni 265.94, nganga akifanya kazi ileile ni 133.4, pamoja na wachawi. Masimulizi ya asili ya ulimwengu yanatupwa 398.2, pamoja na hadithi za sungura. Kwani Mwanzo iko 398.2? Iko 222.11.

Mahali pa vitabu hivi vya dini zetu ni 299.68, halafu unaongeza namba ya kabila kutoka Jedwali la 5 la Dewey. Dini ya Wayoruba, kwa mfano, inakuwa 299.68333. Hapo ndipo uvivu unapoingia: kibandiko cha mgongoni ni chembamba, namba ni ndefu, basi mtu anakata na kuacha 299.6. Matokeo yake Baluba, Bayeke, Wayoruba na Wazulu wanachanganyika, na msomaji anaambiwa eti Afrika ina dini moja. Mkatoliki yeye ana 282, tarakimu tatu, hakuna wa kumkata. Namba ndefu huvunjwa mistari miwili au mitatu kwenye kibandiko, haikatwi. Na mnaotumia Dewey fupi, lile toleo lililofupishwa, jueni imetengenezwa kwa maktaba ndogo, za vitabu kama 20,000 kushuka. Chuo kizima kinaitumia kwa sababu gani?

Kosa lingine linakwenda upande wa pili. Vitabu vya Kanisa la Kimbangu navyo vinatupwa 299.6 kwa kuwa mwanzilishi ni Mkongo. Simon Kimbangu alihubiri Nkamba mwaka 1921 akiwa na Biblia mkononi, akafia kifungoni hapahapa Lubumbashi mwaka 1951. Dewey yenyewe inayaweka makanisa huru ya Afrika 289.93, kati ya Wakristo. Hapo mzungu ametenda haki kuliko sisi.

Msije kuniambia CDU, mpango mwingine wa namba za vitabu, ndiyo dawa. Ni kweli, ilibadilisha kundi la 2 lote, la dini, mwaka 2000, Ukristo sasa ni 27 na Uislamu 28. Lakini 28 ya zamani ilikuwa madhehebu ya Kikristo, na 22 iliyokuwa Biblia sasa ni dini za Mashariki ya Mbali. Ukiweka vitabu vipya kwa namba mpya na kuacha vya zamani vilivyo, Korani inakaa katikati ya Waprotestanti. Ama ubadilishe zote, ama usianze.

Kwa Dewey, kazi inaanza katalogini. Toa orodha ya kila kitabu cha 133, 398 na 299 kinachohusu watu wetu, fungua yaliyomo usisome kichwa tu, sahihisha katalogi, ndipo uchape kibandiko na kuhamisha kitabu. Ukianza na kibandiko, msomaji atatafuta namba ya zamani na kitabu kimepotea kikiwa ndani ya nyumba. Mwenye vitabu vingi vya dini zetu anaruhusiwa kuweka herufi katika nafasi ya pili, 2A0 kwa mfano, vikae kabla ya 220. Ruhusa hiyo imeandikwa ndani ya Dewey yenyewe. Ila uamuzi huo uandikwe kwenye daftari la taratibu za maktaba, maana atakayekurithi atanakili 299.6 kutoka katalogi ya Ulaya na kundi litagawanyika mara mbili.

Anayetetea 133.3 kwa mboko aweke sababu zake hapa chini. Na asiniambie "ndivyo tulivyoikuta."