Filamu kufungiwa kabatini kwa ajili ya nyimbo: nani wa kulaumiwa?

Mzee wa Mkanda: Wakuu, hebu nielewesheni. Filamu imeoneshwa ukumbini, televisheni imepita, halafu ukitafuta diski unaambiwa haipo, kisa nyimbo. Filamu ya katuni Heavy Metal ya 1981 haikutoka kwenye video mpaka 1996. Wimbo ulishalipiwa, unalipiwa tena kwa nini? Ukiruhusu mara moja umeruhusu, basi.

Nusu Wakili: Ulilipiwa kwa matumizi gani? Hapo ndipo penye kesi. Cohen, mwenye wimbo, dhidi ya studio ya Paramount, Marekani, 1988: filamu ni Medium Cool ya 1969, kibali cha wimbo kikataja kumbi na televisheni, haki nyingine zote zikabaki kwa mwenyewe. Kanda za video hazikutajwa, mahakama ikasema hazimo. Na kila wimbo una milango miwili ya kubisha: mwenye utunzi na mwenye rekodi. Mmoja akikataa, umekwama.

Kibuyu: Mnajitesa bure. Toa wimbo, weka mwingine, filamu itoke. Muziki kwenye filamu ni chumvi tu.

Mpiga Gitaa: Chumvi?! Wewe utakuwa unakula viazi vitupu. WKRP in Cincinnati ni tamthilia ya kituo cha redio, diski za 2007 zikaja na nyimbo kibao zimebadilishwa. Redio isiyo na nyimbo zake ni redio gani hiyo? Na Killer of Sheep, filamu ya mwongozaji Burnett, ilikaa miaka kumi ndani kwa sababu...

Nusu Wakili: Thelathini. Ilikamilika 1977, kumbi ikaziona 2007.

Mpiga Gitaa: Ahsante, thelathini. Filamu iligharimu kama dola 10,000, vibali vya nyimbo dola 150,000. Na bado wimbo wa mwisho wa Dinah Washington haukupatikana, wakarudia mwingine wake.

Kibuyu: Kwa hiyo walibadilisha, na watu wakaisifu vilevile. Nashukuru kwa kunitetea.

Mpiga Gitaa: Soma kwanza ndipo ucheke. Wewe kazi yako ikiuzwa mara mbili utakubali kulipwa mara moja?

Kibuyu: Mimi mshahara wangu haurudi kila mtu akitazama nilichofanya.

Mzee wa Mkanda: Jamani, mada ni filamu, si mishahara.

Nusu Wakili: Mzee, nikupe nawe chako. Mtunzi Stravinsky alilipwa dola 6,000 mwaka 1939, muziki wake ukaingia Fantasia, filamu ya Disney. Video ilipotoka 1991, Disney wakashtakiwa. Mahakama ya rufaa ikasema mwaka 1998 kwamba maneno ya mkataba ule yanatosha kubeba video. Kwa hiyo tusiseme sheria moja. Ni mkataba na mkataba.

Kibuyu: Huyo Stravinsky si alikufa 1971? Nani alikuwa na njaa 1998?

Nusu Wakili: Aliyeshtaki ni mchapishaji.

Kibuyu: Haya! Mwanamuziki mwenye njaa kumbe ni kampuni.

Mpiga Gitaa: Mwimbaji Peggy Lee alikuwa hai. Aliimba na kutunga kwenye Lady and the Tramp, katuni ya Disney, mkataba wa 1952, video zikauzwa bila ridhaa yake. Mwaka 1991 akashinda dola milioni 2.3. Huyo naye kampuni?

Mzee wa Mkanda: Ila Lady and the Tramp ilitoka, tukainunua. Nauliza zile ambazo hazikutoka.

Kibuyu: Mwulize mwenye chumvi.