Ushauri: Kijana wangu anataka kuongoza ndege, nahofia viwanja vinavyotumiwa pia na jeshi

Mama_Ngamiani
Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari zenu. Niko Tanga, Ngamiani. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita, PCM, na hana wimbo mwingine ila kuongoza ndege, ile kazi ya mnarani ya kuwaelekeza marubani, si urubani. Tangu mdogo, vile vindege vya Unguja na Pemba vikipita juu, huacha hata chakula. Ada mimi na baba yake tutajikongoja. Kinachoninyima usingizi ni maneno ya shemeji yangu: eti kuna viwanja ambako ndege za abiria na za jeshi zinatumia njia moja ya kurukia, na raia aliye mnarani hujikuta anamwamuru afisa mwenye nyota mabegani. Likitokea baya, lawama zake. Ni kweli? Au apitie JKT aingie jeshini kabisa?

Mnarani_Zamani
Marahaba mama. Kazi hiyo nimeifanya hadi kustaafu. Viwanja hivyo vipo. Hata Dar, Airwing ya Ukonga, kikosi cha anga cha jeshi, iko ubavuni mwa JNIA, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Ila kwenye njia ya kurukia hakuna cheo. Awe na Caravan, kindege kidogo cha abiria, au ndege ya kivita, rubani haingii njiani mpaka mnara umruhusu. Nani akae mnarani, kila nchi ina utaratibu wake. Eindhoven kule Uholanzi na Pune kule India wanaoongoza ni wanajeshi, na abiria wa kawaida wanatua kila siku.

Ugumu uko kwingine. Ndege za kiraia huongea kwa redio za masafa ya VHF, za jeshi mara nyingi kwa masafa mengine, UHF. Marubani wawili wanaweza kuwa angani pamoja na wasisikiane. Anayewasikia wote ni muongoza ndege peke yake, kwa hiyo lazima amwambie kila mmoja mwenzake yuko wapi. Halafu kasi. Caravan inakuja polepole, nyuma yake ndege ya kivita inakula masafa kwa sekunde. Nafasi kati yao hupangwa mapema, ukichelewa unamrudisha mmoja angani.

Viwanja vingine vina waya nene za chuma zilizokingama njiani. Ndege ya kivita iliyoharibikiwa breki huzinasa kwa ndoano ya mkiani ikasimama. Kwa ndege ndogo waya hizo ni hatari, lazima rubani aambiwe kama zimeinuliwa au zimelazwa. Mwenye dharura hutangulia, awe askari awe raia.

Wakili_Mabawa
Naongeza la sheria. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, unahusu ndege za kiraia tu. Za jeshi, forodha na polisi zimetengwa kwenye kifungu cha 3. Lakini kifungu hicho hicho kinazitaka nchi, zinapotunga kanuni za ndege hizo, zijali usalama wa ndege za kiraia. Na la lawama: maongezi ya mnarani hurekodiwa na kutunzwa siku zisizopungua 30. Akitamka maagizo yake kama alivyofundishwa, rekodi ndiyo shahidi wake.

Kijana_wa_Duga
Mama, jeshini hachagui. Anaweza kuingia akiwaza mnara, akapangiwa ghala au gereji. Kama anachotaka ni kuongoza ndege, aulizie chuo cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kilichopo Dar. Leseni hapewi kabla ya miaka 21, na Kiingereza chake lazima kifike daraja la 4 la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Ila msilipe ada kabla ya kupimwa afya, kile kipimo cha daraja la 3 cha waongoza ndege, kwa daktari anayetambuliwa na TCAA. Macho, masikio, kutofautisha rangi. Usikubali aanze masomo kwanza.

Mama_Ngamiani
Mungu awalipe wanangu, nawe kaka mstaafu. Jeshi tumeliweka kando. Ila anavaa miwani, ndiyo basi tena?

Mnarani_Zamani
Hapana dada. Miwani inaruhusiwa mradi akiivaa aone kwa kiwango kinachotakiwa, na awe na ya akiba karibu yake akiwa kazini. Siku ya kupimwa aende nayo.