Sinners: wanyonya damu wameiharibu filamu au wameikamilisha?

Shabiki wa Makorora ameuliza:

Habari zenu wapenzi wa filamu. Nimeitazama Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka tarehe 18 Aprili 2025, na nimetoka ukumbini nikiwa na furaha kubwa na kinyongo kidogo. Nitaeleza kisa bila kuficha kitu, hivyo ambaye hajaitazama na aitazame kwanza.

Nusu ya kwanza ni kazi bora kuliko zote nilizoziona mwaka huu. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarejea Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932, wakitoka Chicago na fedha ambazo hakuna anayethubutu kuuliza zilikotoka. Wananunua jengo la kiwanda cha mbao, na kwa siku moja wanawakusanya mpiga piano, bawabu, wapishi, na binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji ambaye baba yake hataki kabisa apige muziki wa bluzi, ili usiku huohuo wafungue kilabu. Mwongozaji hana haraka. Kuna pahala garini ambapo Delta Slim, anayeigizwa na Delroy Lindo, anasimulia jinsi mwanamuziki mwenzake alivyouawa na genge la Wazungu. Maneno yanamwishia, anaanza kuguna, mkono unapiga mdundo, na kilio kinageuka wimbo mbele ya macho yetu. Ni nadra sana mwigizaji kunitoa machozi kwa kuguna tu.

Kisha wanyonya damu wanabisha mlango, na kwa maoni yangu kisa cha watu hawa kinamezwa na vitunguu saumu, vigingi vya mbao na mapigano. Nilitaka kujua kilabu cha watu weusi kingedumu vipi katika jimbo lililotawaliwa na sheria za ubaguzi. Je, wanyonya damu walikuwa wa lazima, au mwongozaji alikuwa na filamu mbili akazishona pamoja?

Bi Mwana wa Kibokoni amejibu:

Kaka yangu, mimi nimeiona kinyume kabisa. Sisi wa pwani tumelelewa na hadithi za mumiani. Wakati wa ukoloni, Mombasa, Dar es Salaam na hata Nairobi, watu walisimuliana kwamba wazima moto huwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu kwa ajili ya Wazungu. Mimi siwezi kuzidharau hadithi zile, kwa maana watu waliotumikishwa bila hiari walipata ndani yake lugha ya kueleza yale yaliyokuwa yakiwafika. Kwa hiyo nilipowaona wanyonya damu katika nchi ya mashamba ya pamba, mahali ambapo mkulima huvuna mwaka mzima na bado akadaiwa na mwenye shamba, sikuona filamu ya pili imeanza. Niliona ileile ikiendelea.

Lililonishika zaidi ni mlango. Remmick, kiongozi wa wanyonya damu, na wafuasi wake hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe, na Coogler analitumia sharti hilo kwa ustadi mkubwa. Cornbread, bawabu mwenyewe, anatoka nje kidogo, na anaporudi anasimama kizingitini akiomba aruhusiwe kuingia mahali ambapo saa moja kabla yeye ndiye aliyekuwa akiwaruhusu wengine. Annie, mke wa Smoke, anayeigizwa na Wunmi Mosaku, ndiye anayeshtuka. Kwetu mgeni hupiga hodi na wa ndani huitikia karibu hata kabla ya kutazama ni nani, na ndiyo sababu nilikaa pale mwili ukinisisimka, kwa kuwa najua mimi ningeitikia. Hatimaye anayewakaribisha ni Grace, mwenye duka, baada ya kutishiwa kwamba binti yake aliyebaki mjini atafuatwa. Usimwite mjinga, ni mama aliyeona hana njia nyingine.

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo naona linapuuzwa. Wateja wa kilabu kile wanalipa kwa pesa za shamba, ambazo mwenye shamba huzitoa badala ya dola na ambazo hazina thamani nje ya himaya yake. Mapacha wanabishana juu ya jambo hilo usiku wa kwanza wa biashara, kwa sababu ukumbi umejaa na bado hesabu haitoki. Mary, mpenzi wa zamani wa Stack, anatoka nje kuzungumza na wale Wazungu wageni, yaani Remmick na wenzake, akitumaini kwamba wana fedha halisi, na huko ndiko anakong'atwa. Maana yake ni kwamba umaskini uliopangwa kwa makusudi ndio uliomtoa nje.

Fundi wa Picha amejibu:

Ndugu Shabiki, nakuomba uurudie wimbo ambao Sammie anauimba katikati ya filamu, kwa sababu ndio mshono wenyewe unaoutafuta. Ulitungwa na Raphael Saadiq na Ludwig Göransson, na anayeuimba ni Miles Caton, kijana ambaye hii ni filamu yake ya kwanza. Kamera inazunguka ndani ya kilabu na wanaanza kutokea watu ambao hawakuwepo: mpiga gitaa la umeme, mchezesha santuri, wachezaji wa mitindo ya miaka mingi baadaye, wapiga ngoma wa Afrika Magharibi, na karibu na wenye duka Wachina anatokea mchezaji wa opera ya kwao. Paa linawaka moto na hakuna anayeungua. Remmick anausikia wimbo huo kutoka nje. Yeye ni Mwayalandi, ardhi ya baba zake ilinyang'anywa, na anamtaka Sammie kwa sababu anaamini kipaji kile kinaweza kumkutanisha na watu wake waliokufa. Anayewinda hapa anawinda wimbo, na kama ni hivyo, basi alikuwa ndani ya kisa tangu dakika ile baba alipomwambia mwanawe aweke gitaa chini.

Kuhusu ukumbi: Autumn Durald Arkapaw ndiye mwanamke wa kwanza kupiga filamu ya hadithi kwa utepe mpana wa IMAX, mfumo wa sinema wa skrini kubwa mno. Katika kumbi za kawaida picha hubaki pana mno, upana wake ukiwa mara 2.76 ya kimo, lakini katika IMAX baadhi ya sehemu hufunguka juu na chini. Anayepata nafasi asiiache.

Mkazi wa Chicago amejibu:

Nimesikitika kuona watu wakiinuka majina yalipoanza kupita, kwa maana bado kisa kilikuwa hakijaisha. Tunapelekwa Chicago, mwaka 1992, na Sammie mzee anaigizwa na Buddy Guy, mpiga gitaa aliyezaliwa Louisiana mwaka 1936 na kuhamia mji huu mwaka 1957. Stack na Mary, ambao sasa ni wanyonya damu na hawajazeeka hata siku moja, wanamtolea nafasi ya kuishi milele, naye anakataa. Kisha anakiri kwamba kabla ya jua kutua, ile ilikuwa siku bora kuliko zote maishani mwake, na Stack anakubaliana naye. Hakuna kilio wala muziki wa kulazimisha huzuni.

Tena Clarksdale yenyewe haina ukumbi wa sinema. Wakazi waliomba, na mwishoni mwa Mei Coogler na wenzake wakaenda kuwaonyesha filamu hii bure. Limenifurahisha kuliko tuzo yoyote.

Shabiki wa Makorora amejibu:

Nawashukuru nyote. Hoja ya pesa za shamba na ya wimbo nimezipokea. Lililobaki moyoni ni asubuhi yake, Smoke anapowamaliza kwa bunduki watu wa Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi. Baada ya usiku ule wote, niliona kama zawadi kwa watazamaji wanaotaka kushangilia.

Bi Mwana wa Kibokoni amejibu:

Uliuliza kilabu kingedumu vipi. Remmick mwenyewe anawaambia kwamba Hogwood, aliyewauzia jengo, ni kiongozi wa Klan na amepanga kuja asubuhi kuwaua. Mapacha walilipa fedha taslimu kwa mtu aliyekwisha kuamua kwamba hawataishi kuzitumia faida zake. Hata asingekuwepo mnyonya damu hata mmoja, kilabu kile kilikuwa na usiku mmoja tu. Mapigano yenyewe nakubali yamepigwa kwa pupa, na ningependa risasi zipungue ili tubaki zaidi na Smoke anapoketi akiwa amejeruhiwa na kumwona Annie akimletea mtoto wao. Ila Hogwood asingekuja, ungebaki ukidhani kwamba adui wa watu wale alikuwa Remmick peke yake.