Nyanya na hoho kwenye baridi ya Juni hadi Agosti: kivungulio, paa la plastiki au shamba wazi?

Kiserian_Juu

Wakulima wenzangu, hamjambo. Nina robo ekari nyuma ya nyumba hapa Kiserian na maji ya kisima yasiyokatika. Nataka nyanya na hoho za kuuza kuanzia mwezi wa tisa. Hiyo maana yake miche itaishi Juni, Julai na nusu ya Agosti, miezi ambayo huku jua huchungulia saa nane mchana na saa kumi limeshaaga.

Nimeomba makadirio kwa mafundi tofauti. Mmoja ananisukuma ninunue kivungulio kamili cha mita 8 kwa 15, plastiki juu mpaka pembeni. Mwingine anasema nisimamishe nguzo za mbao, niweke plastiki juu tu, pembeni neti. Gharama yake ni chini ya nusu ya ile ya kwanza. Shemeji naye anasema hizo zote ni pesa za kutupa: nipande nyanya za Cal J au Rio Grande nje kama baba zetu, ninunue pampu ya mgongoni na nipige dawa.

Nyinyi mlio Kikuyu, Ngong, Limuru na Rongai mnafanyaje? Na wadudu je? Nimeambiwa baridi huwaua, sijui kama ni kweli.

Wangige_Mboga

Karibu, ndugu. Kwanza tukubaliane unapigana na nini. Julai ya Nairobi usiku hushuka hadi nyuzijoto 11 au 12, mchana hufika 21 au 22. Nyanya haifi kwa hiyo. Inakua polepole, inanuna, lakini haifi. Kinachoimaliza ni rasharasha na ukungu wa asubuhi: majani yanalala na maji na yanaamka na maji. Hapo ndipo bakajani chelewa, ule ugonjwa wengi wanauita tu baridi, unaingia. Unaona doa jeusi lililolowa pembeni mwa jani, ukigeuza jani asubuhi unakuta unga mweupe chini yake. Hali ya hewa ikiuruhusu, wiki moja inatosha kugeuza shamba zima kuwa mabua meusi.

Kwa hiyo mimi nasema paa. Ukizuia mvua isiguse jani na hewa ikapita, umeshamaliza sehemu kubwa ya vita. Kuta za plastiki zinakuongezea joto kidogo mchana, lakini usiku joto lote linatoroka, maana plastiki si blanketi. Kisha asubuhi unakuta matone yamening'inia ndani ya paa, yanadondokea mimea. Umelipa pesa ili mvua inyeshe ndani.

Mama_Hoho_Limuru

Wangige, unasema kweli kuhusu nyanya. Lakini huyu mwenzetu ametaja na hoho, na hoho ni mtoto wa joto. Usiku ukizama chini ya nyuzijoto 13 hivi, chavua inadhoofika. Nyanya nayo hupungukiwa, ila hoho ndiyo inayotupa maua chini na yale yanayobaki yanatoa matunda madogo yasiyo na mbegu, yamejikunja. Huku Limuru tuko juu zaidi ya mita 2,200, bila kuta hoho ni maua tu ya kupamba boma.

Ila kivungulio kinataka mtu. Hiyo ndiyo bei ambayo fundi hakuandikii kwenye karatasi. Saa tatu au nne asubuhi lazima mtu apandishe mapazia ya pembeni unyevu utoke, saa kumi ayashushe kabla joto halijaondoka. Ukikifunga siku nzima kwa sababu "kuna baridi", utavuna ukungu wa kijivu kwenye vikonyo na matunda. Kama unaenda kazini mjini alfajiri na kurudi na giza, na nyumbani hakuna mtu, usinunue kivungulio kilichofungwa. Jambo la pili, humo ndani hakuna upepo wa kutikisa maua. Kila asubuhi, jua likishachomoza vizuri, gonga zile kamba za kushikilia mimea, chavua ianguke.

Na wewe wa Kiserian usichanganye baridi hii na sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza majani. Sakitu kwetu hupiga zaidi Januari na Februari, usiku mbingu zikiwa wazi. Januari 2012 iliunguza chai vibaya sana Bonde la Ufa. Julai wingu linafunika, kwa hiyo usiku haushuki hivyo. Adui wa Julai ni maji.

Mzee_wa_Ngong

Vijana, mbona hakuna anayemuuliza kwa nini lazima iwe nyanya? Mimi nje kwangu Juni naweka sukuma, spinachi, dania, karoti na kabichi. Hazitaki plastiki, hazitaki mapazia. Vidukari wa sukuma mvua yenyewe huwaosha. Nyanya nazianza kitaluni Agosti, nazipandikiza Septemba udongo ukishapata joto.

Shemeji yake hakukosea kuhusu shamba wazi. Amekosea zao.

Kiserian_Juu

Mzee, shikamoo. Nimekuelewa, lakini sukuma kila boma hapa analo. Nyanya ndizo zinazopotea sokoni msimu huu. Ukienda Kangemi au Marikiti mwezi wa saba unaona bei inavyopanda.

Mzee_wa_Ngong

Marahaba. Bei inapanda kwa sababu wengi wanashindwa. Nawe jiandae kuwa mmoja wao, au ujipange vizuri. Na ukumbuke hata hiyo bei, malori ya nyanya za Tanzania kupitia Namanga yakiingia kwa wingi inashuka kwa siku mbili.

Ruai_Kavu

Mimi nauza plastiki ya kivungulio changu, kama kuna anayetaka aniambie. Nitawaambia kwa nini: mnyauko bakteria. Mimea inakuwa mizuri, ya kijani, siku moja saa sita mchana mmoja unalala kama umekosa maji. Jioni unaamka, kesho unalala tena, keshokutwa umekufa ukiwa bado kijani. Kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi: ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, jua ndio wenyewe. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya.

Sasa sikilizeni ujanja wake wakati wa baridi. Unapenda udongo wenye joto, kwa hiyo Juni na Julai unanyamaza. Unadhani udongo ni safi. Septemba jua linarudi, mimea imebeba matunda ya kwanza, ndipo unaanza kuanguka mmoja mmoja. Shamba wazi unaweza kuhama. Kivungulio kimechimbiwa chini, kimesimama pale pale, na kila msimu watu wanapanda nyanya, kisha hoho, kisha nyanya. Hizo ni ndugu, pamoja na viazi, biringanya na managu. Hukubadilisha chochote.

Ukijenga, jenga kitu unachoweza kung'oa. Au panda kwenye mifuko yenye pumisi (mawe mepesi ya volkano) au kokopiti (maganda ya nazi yaliyosagwa), ukiinua juu ya ardhi.

Agroveti_Njia_Panda

Hapo kwa wadudu niachieni mimi, naona watu wanakuja dukani kila Julai wakisema "si baridi imewaua?" Haijawaua. Imewachelewesha.

Chukua Tuta absoluta, yule nondo wa nyanya ambaye wenzetu wa Tanzania wanamwita kantangaze. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Uhispania 2006, Kenya tukamwona 2014. Kwenye nyuzijoto 27 anamaliza mzunguko kutoka yai hadi nondo kwa siku 24 hivi. Kwenye 14, anachukua kama siku 76. Kwa hiyo shamba wazi mwezi wa Julai ana kizazi kimoja, pengine hata hakijaisha. Ndani ya kivungulio chako chenye joto, yeye anaendelea na maisha. Umemjengea nyumba.

Inzi weupe ni hivyo hivyo. Jinsi ile ya kwenye vivungulio inapenda hali ya nyanda za juu, na ndani hakuna mvua ya kuwaangusha. Utitiri mwekundu unapenda ukavu na joto, huo ndio utakaoukuta kona ile iliyo karibu na plastiki, ambako bomba la matone halifiki vizuri. Nje wakati wa manyunyu hautakusumbua sana.

Kwa hiyo hesabu ni hii: nje unapambana na magonjwa, ndani unapambana na wadudu. Chagua adui.

Halafu acheni kupiga dawa kwa kalenda. Dawa za shaba au mankozebu zinatangulia ugonjwa, unazipiga kabla ya wiki ya mvua na unafikisha chini ya jani. Doa likishatokea, unahitaji inayoingia ndani ya mmea, na usirudie ile ile mpaka ikazoeleka. Kwa Tuta, badilisha aina ya dawa kila kizazi, usibadilishe jina la chupa tu. Nauza chupa tofauti ambazo ndani ni kitu kimoja! Soma kibandiko, angalia kama imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa hizi, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hoho inachumwa mara kwa mara, hapo ndipo watu wanalisha majirani sumu.

Rongai_Kijana

Swali la haraka. Nikiwasha jiko la makaa ndani ya kivungulio usiku ili kuongeza joto, itasaidia? Nimeona jamaa mmoja akifanya.

Mama_Hoho_Limuru

Mwanangu, usifanye. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa gesi inayoua mtu bila harufu, na wewe ndiye utakayeingia kuongeza makaa saa tisa usiku. Moshi wenyewe hudondosha maua, kwa hiyo hata mmea haukushukuru. Ukitaka joto kidogo, panga mapipa meusi yaliyojaa maji upande jua linapopiga. Mchana yanapata joto, usiku yanaliachia polepole. Usitegemee miujiza siku za wingu, lakini hayaui mtu.

Kiserian_Juu

Mama, asante. Na wale wadudu rafiki je? Nimesikia mashamba ya maua hayapigi tena dawa nyingi, yanaachilia utitiri unaokula utitiri.

Waridi_Naivasha

Nafanya kazi hiyo. Ni kweli, na si lazima uagize ng'ambo: Dudutech wako hapa Naivasha, Real IPM walianzia Thika. Ila nikuambie mambo mawili ambayo watu hawasemi.

Persimilis, yule anayekula utitiri mwekundu, ni mzuri kwenye waridi na kwenye hoho. Kwenye nyanya anahangaika, kwa sababu shina la nyanya lina vinyweleo vinavyonata, anakwama. Usimlaumu. Halafu wengi wa hawa wanataka joto. Kinyigu wa Encarsia anayeshambulia inzi weupe huzembea hewa ikiwa baridi, kwa hiyo ukimwachilia wiki mbaya ya Julai umemwaga pesa. Anza nao mapema Juni wadudu wakiwa wachache, au ngoja Agosti mwishoni.

Ukishawaachilia, ile dawa ya utitiri, abamektini, isahau. Inaua rafiki pamoja na adui.

Cha bei rahisi zaidi: kadi za njano kwa inzi weupe, za buluu kwa thripsi, ziwe juu kidogo ya ncha za mimea na uzipandishe inavyokua. Mtego wa Tuta wenye harufu ya jike weka mmoja ndani ili ujue wameingia lini. Huo hunasa madume tu, usidhani umewamaliza. Na managu yale yaliyoota kando ya ua, ng'oa. Tuta anakaa humo akingoja msimu.

Wangige_Mboga

Sasa mnaona kwa nini nasema paa na neti? Mvua imezuiwa, hewa inapita, joto la kuwanenepesha wadudu halipo.

Ruai_Kavu

Neti gani lakini? Ile ya kivuli ya dukani inzi mweupe anapita na mizigo yake.

Kiserian_Juu

Nimesoma yote na nimezungumza na mama watoto, maana yeye ndiye atakayeshinda nyumbani. Tumeamua nyanya ziende chini ya paa, nguzo zisichimbiwe kwa saruji ili tuweze kuhama. Hoho tunatengea sehemu ndogo yenye kuta, kwenye mifuko, karibu na jikoni ili mapazia yasisahaulike. Nje nitamsikiliza Mzee, sukuma na dania. Limebaki hilo la neti. Inayozuia inzi weupe ni ipi, na nifunike pande zote?

Fundi_Neti_Kikuyu

Ulizia ya matundu 50 kwa inchi. Inzi mweupe hapiti, Tuta hapiti, thripsi wengine watapita tu. Shida yake ni kwamba inabana hewa, na umeshasikia hapa hewa ni kila kitu. Kwa hiyo inua paa, lisiwe chini ya mita tatu katikati, na acha mwanya juu kabisa kwenye kilele, nao uufunike kwa neti hiyo hiyo. Weka milango miwili inayofuatana, wa pili usifunguliwe mpaka wa kwanza ufungwe. Chini zika neti kwenye mtaro wa shubiri moja.

Upande unaotazama mashariki usiuzibe na chochote zaidi ya neti, hata kama ni stoo ya lishe ya ng'ombe. Jua la asubuhi ndilo linalokausha majani, na Kiserian hamna mengi ya kuchezea. Plastiki nunua ya mikroni 200 iliyotiwa kinga ya jua, na uikaze mchana ikiwa na joto. Ukiikaza asubuhi ya baridi, jua likija inalegea, inashika maji, na uzito huo utavunja mbao kabla nyanya hazijaiva.

Kiserian_Juu

Sawa fundi. Mwanya wa kilele fundi wangu hakuutaja kabisa. Nampigia sasa hivi kabla hajakata mbao.