Mwanangu aliumia ubongo: arudi vipi skuli?

Mama wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 16 alianguka kutoka juu ya mkarafuu msimu uliopita, akapoteza fahamu kwa siku 2 na kulazwa wiki 3. Huu ni mwezi wa nne tangu arudi nyumbani; anatembea, anakula, anasali, na anayemwona njiani hadhani kama aliwahi kuumwa. Juzi alikaa jamvini na bibi yake kuchambua karafuu, kazi aliyoizoea tangu utotoni, lakini hata robo saa haikufika akawa anatia karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, katika pakacha moja, kisha akajilaza palepale, mikono kichwani. Skuli wananiambia arudi kidato cha tatu moja kwa moja au arudie mwaka. Majirani wengine wanasema ni uvivu, wengine wanasema ana shetani. Waliopitia haya walifanyaje?

Mwalimu wa Unguja
Wa alaykum salaam, mama, na pole sana. Huo si uvivu. Ubongo hutumia kiasi cha moja ya tano ya nguvu za mwili hata mtu anapopumzika, na ulioumia hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi kwa jambo lilelile, ndiyo maana uchovu humjia ghafla. Kwa maoni yangu, la kuamua kwanza ni saa atakazoweza kukaa darasani, na kidato kitafuata baadaye. Mwanafunzi niliyemfundisha alianza kwa vipindi 2 vya asubuhi, siku 3 kwa wiki; kila alipomaliza wiki bila ya kuumwa na kichwa tulimwongezea kipindi, na alipoumwa tulimpunguzia. Kilichomshinda zaidi kilikuwa kunakili ubaoni, kwa sababu anayenakili hutazama, hushika maneno kichwani, huinama na kuandika, na yeye kila alipoinama alikuta maneno yamekwisha kupotea, hasa darasa lilipokuwa na kelele. Tulimkalisha mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na mwenzake akampa daftari lake ili alinakili nyumbani kwa utulivu. Umwombe daktari ripoti ya maandishi mapema, ili mwalimu mkuu aweze kuiambatanisha atakapomwombea muda wa ziada Baraza la Mitihani la Tanzania kwa mtihani wa kidato cha nne.

Kijana wa Chake
Shikamoo mama. Mimi nilianguka na vespa nikiwa kidato cha pili. Wiki ileile niliyorudi skuli asubuhi, nilirudishwa pia tuisheni mchana na chuo cha Kurani jioni. Ikifika alasiri sikumbuki hata sura niliyoihifadhi tangu mdogo, na siku moja nilimfokea ustadhi wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Baba alidhani nimekosa adabu, kumbe hasira za ghafla nazo hutokana na jeraha la ubongo. Kilichonisaidia ni daftari dogo la mfukoni, ambamo niliandika kazi za nyumbani, majina ya walimu wapya, hata mahali nilipoweka mkoba.

Muuguzi
Naongeza la usalama. Baada ya jeraha kama hilo kifafa kinaweza kujitokeza hata miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo asipande miti, asiogelee peke yake, wala asicheze mpira mpaka daktari aruhusu, kwani pigo la pili la kichwa ni hatari kubwa. Akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida, au maumivu ya kichwa yakizidi, mpelekeni hospitali wakati huohuo. Kabla ya kurudi skuli apimwe pia macho na masikio.

Mama wa Wete
Ahsanteni sana, nimefahamu. Keshokutwa nakwenda kwa mwalimu mkuu kumwombea vipindi 2 tu. Ustadhi wake nimekwisha kumweleza, naye amekubali kumsubiri mpaka skuli imkae vyema. Bibi yake amesema karafuu atachambua mwenyewe.